Mashine ya gemu ya zamani nyumbani: linda bodi kabla ya kabati

Kabati la mashine ya gemu ya kusimama mara nyingi huzidi kilo 100. Kulitoa ndani kunataka watu wawili watatu na kirikuu mlangoni. Bodi iliyomo ndani, yaani sahani ya saketi yenye gemu lenyewe, hubebwa kwapani, na thamani imelala humo. Seremala wa Nyakato, hapa Mwanza, anaweza kukuchongea kabati jipya, lakini hakuna wa kukuchongea bodi halisi ya Pac-Man ya 1980. Basi ukijikinga na wezi, anza na bodi.

Kama mashine haichezwi kila wiki, toa bodi uifungie chumba kingine. Zima, chomoa waya ukutani, na usiguse kabisa kile kikombe cha mpira chenye waya mnene nyuma ya kioo cha chogo. Umeme wa maelfu ya volti unaweza kubaki humo hata baada ya kuzima. Mashine nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hutumia soketi ya JAMMA, kiwango cha pamoja cha kuunganisha bodi na kabati, pini 56, yaani 28 kila upande. Kabla ya kuichomoa, weka alama ya wino kwenye soketi na kwenye bodi, upande uleule. Soketi ikirudishwa imepinduka, umeme unaingia pini zisizo zake na bodi inaungua. Ihifadhi kwenye mfuko wa kijivu wa vipuri vya kompyuta. Nailoni ya kawaida huzalisha umeme tuli unaoua chipu. Bodi za CPS-2 za kampuni ya Capcom zinataka uangalifu zaidi, maana betri yake ndiyo inayoshikilia ufunguo wa gemu, yaani namba za siri za kufungulia programu yake. Ikifa, gemu haliwaki. Andika juu ya mfuko tarehe ya kubadili betri.

Sasa kabati. Wengi hukimbilia kutoboa sakafu ya kabati na kulipigia boliti chini. Usifanye hivyo: unaharibu mashine ya asili, na chipubodi hung'oka ikivutwa kwa nguvu. Tumia matundu ya miguu yaliyopo tayari. Makabati mengi ya Kimarekani yana nyuzi za inchi 3/8. Boliti ya milimita 10 haiingii, na ukilazimisha unaua nyuzi. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie pau mbili za flatibaa, upana milimita 50, unene 5, zifungwe kwenye matundu hayo, na pau ya nyuma iwe na pete iliyochomelewa. Nyuma ya kabati, funga pete ya pili sakafuni kwa boliti za kupanuka za milimita 12, zizame zegeni angalau milimita 70. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: sakafu ikigongwa kumbe ni plasta nyembamba juu ya mawe na kifusi, na boliti inatoka na kipande chake. Ukitoboa na vumbi likabadilika rangi kuwa la udongo, hama sehemu hiyo. Unganisha pete mbili kwa mnyororo wa milimita 10, mfupi kiasi kwamba kabati haliwezi kulazwa. Likilazwa, spana moja inatosha kufungua miguu. Chini ya pau weka raba za milimita 10, la sivyo maji ya kudekia yatapanda kwenye mbao, na unyevu wa ziwani utamalizia.

Kufuli la mlango wa nyuma libadilishwe. Yale ya kiwandani mara nyingi hushiriki ufunguo mmoja.

Kifaa cha GPS cha kufuatilia pikipiki kinafaa hata kwa kabati, ila kikitegemea umeme wa mashine kitazimika pamoja nayo. Kipe betri yake ya volti 12, Ah 7, na ukiweke kwenye mbao, mbali na boksi la chuma linalozuia mawimbi. Laini iwe na salio. Kipigie mara moja kwa mwezi.

Nyumba yenye grili madhubuti huingiliwa juu: bati linafunuliwa, silingi bodi inakanyagwa. Weka wavu wa nondo juu ya chumba hicho. Picha unazotuma zisionyeshe dirisha wala mandhari ya Capri Point, na uzime kwanza kihifadhi mahali (location) kwenye simu. Wabebaji waliokuletea mashine wanaijua njia. Baada yao, badilisha vitasa.

Piga picha namba ya kabati, pande zote mbili za bodi na maandishi ya chipu, kisha chonga alama yako chini ya paneli ya vitufe. Nakala zikae kwa ndugu pamoja na risiti na nyaraka za forodha. Ikiibwa, nenda polisi ukachukue RB (namba ya taarifa yako ya polisi) siku hiyohiyo, umjulishe mwenyekiti wa mtaa, na upeleke picha zilizochapishwa kwa wapokea mizigo wa stendi za mabasi za Nyegezi na Nyamhongolo na wa kivuko cha Kamanga. Zamani gari la wezi lilikwama kwenye foleni ya kivuko Kigongo. Tangu daraja la kilomita 3 lifunguliwe Juni 2025, ni dakika chache tu na mzigo uko Busisi, ng'ambo ya ziwa.