Somo: Kuisoma bei ya mafuta ya ng'ombe ya kutoka nje kabla hujatuma hela

Wapika sabuni wenzangu, salaam. Wengi tunatumiwa bei kwa simu, "dola 1,100 kwa tani", tunazidisha kwa shilingi na kuona tumepata. Mimi nilifanya hivyo. Mzigo ulipofika yadi, kilo moja ilinigharimu zaidi ya stearini ya mawese (ile sehemu ngumu ya mafuta ya mawese) ya dukani, na fedha ilikuwa ya mkopo. Sitaki yamkute mwingine.

Hatua ya 1: namba ya forodha. Mafuta ya ng'ombe, mbuzi na kondoo ni 1502. Yaliyokwisha kuyeyushwa, tunayopikia sabuni, ni 1502.10. Ya nguruwe na kuku ni 1501. Mawese ni 1511.

Hatua ya 2: wastani wa soko. Ingia Trade Map, tovuti ya takwimu za biashara ya ITC (Kituo cha Biashara cha Kimataifa), weka namba hiyo, chagua nchi, kisha gawa thamani kwa uzito. Mfano: dola 330,000 kwa tani 300 ni dola 1,100 kwa tani. Huo ni wastani wa mizigo ya ubora tofauti, na mingine ilikubaliwa bei miezi kadhaa nyuma. Nchi ikiwa imeingiza kontena chache tu, moja likiwa ghali linavuruga hesabu yote. Kwa hiyo tazama miaka minne mitano, uone bei inaelekea wapi. Kumbuka pia kwamba takwimu za nchi inayouza kwa kawaida hazina nauli na bima, za nchi inayonunua zinazo.

Hatua ya 3: vipimo. Marekani wanataja senti kwa ratili. Zidisha kwa 22.046 upate dola kwa tani. Senti 50 ni dola 1,102.

Hatua ya 4: hadi mlangoni kwako. Hapa ndipo hela inapopotea. Kwenye ile 1,102, tuseme nauli na bima ni dola 120: CIF (bei pamoja na bima na nauli) inakuwa 1,222. Tuseme ushuru ni asilimia 10 (kiwango halisi kisome kwenye kitabu cha ushuru cha Afrika Mashariki cha mwaka huo, au muulize wakala wako): 1,344. VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya hiyo, siyo juu ya bei ya muuzaji: 1,586. Bado tozo ya reli, ada ya forodha, bandari kavu, wakala na lori. Na mafuta haya huyeyuka kwenye nyuzi arobaini na kitu, kwa hiyo hata kwa joto la Dar yanafika yameganda. Weka kuni au mvuke kwenye hesabu.

Hatua ya 5: kinachosukuma bei. Siyo sabuni tena, ni dizeli. Marekani ilikuwa ikiuza shahamu nje. Miaka ya karibuni viwanda vyake vya dizeli ya mafuta ya wanyama na mimea vimeifanya iagize, hasa kutoka Brazil. Agosti 2025 iliongeza ushuru hadi asilimia 50 kwa bidhaa nyingi za Brazil. Habari kama hiyo ikitoka, omba bei mpya siku hiyohiyo. Fuatilieni na mawese pia: Indonesia ilipozuia kuyauza nje, 28 Aprili hadi 23 Mei 2022, kila mpika sabuni aliumia.

MASWALI

*Mwalimu, wateja wangu ni Waislamu. Namba 1502 inatosha kunihakikishia?*
Hapana, dada. Namba ni tamko la muuzaji tu. Dai cheti cha halali na cha daktari wa mifugo kutoka nchi ya asili, kabla ya malipo ya kwanza.

*Mkuu, kwa nini nisinunue tu ya machinjio ya Vingunguti?*
Nunua, ila pima maji kwanza. Chukua gramu 500, weka sufuriani kwa moto mdogo. Yatatoa povu na kurusha kama mafuta yaliyodondokewa na maji. Yakitulia kabisa, pima tena. Ukipata 460, umenunua asilimia 8 ya maji kwa bei ya mafuta. Linganisha kilo kavu kwa kilo kavu. Mimi mara nyingi nimekuta ya Vingunguti inashinda, hasa kwa anayehitaji mapipa mawili matatu.

*Kaka, flexitank inabeba kiasi gani?*
Huo mfuko mkubwa wa kubebea mafuta, unaotandikwa ndani ya kontena la futi 20, hubeba kama tani 20 na kitu. Kama huna pa kuyeyushia mzigo huo, agiza ya mapipa.