Shali ya sufu isiyotiwa rangi: fuma kwa madonge mawili

Sufu ya kondoo wa jadi kama wa Shetland, visiwa vya Uskoti, haina namba ya rangi ya kiwandani, ile inayoonyesha madonge yaliyotiwa rangi pamoja. Kahawia ya kondoo mmoja si kahawia ya mwenzake, na hata kwenye mwili mmoja ncha za manyoya hupauka kwa jua. Ukimaliza donge moja ndipo uunge jingine, shali itapata mpaka unaoonekana, na hautoki kwa kufua.

Kwa hiyo fuma kwa zamu: safu mbili za donge hili, safu mbili za lile, ukibadilisha kwenye ukingo uleule. Uzi unaopanda ukingoni ukisubiri zamu yake uache ulegee kidogo. Ukiuvuta, ukingo hujikunja. Madonge yapange mchana karibu na dirisha, kwani taa hudanganya macho.

Kipande cha majaribio cha sentimita 15 kioshe na kukausha kabla ya kupima ukubwa wa vishono, maana sufu hii hujaa ikilowa.

Shali ikiisha, iloweke dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu. Usisugue, nyuzi zitashikamana! Ikamue ndani ya taulo, itandaze, ibane kwa pini zisizoshika kutu mpaka ikauke kabisa.