Namna ya kujenga taharuki katika dakika tatu za kwanza za filamu

Kabla hujagusa kamera, andika sentensi moja: mtazamaji anajua nini ambacho mhusika hajakijua? Sentensi hiyo ikikushinda, usirekodi bado. Ukimficha mtazamaji kila kitu atabaki na fumbo tu, na fumbo halimkazi mtu shingo.

Mfano wa kusoma kwa makini ni Touch of Evil, filamu iliyoongozwa na Orson Welles (1958). Mkono unatega bomu la saa, bomu linawekwa kwenye buti la gari, kisha kamera inalifuata gari hilo katika mji wa mpakani kwa zaidi ya dakika 3 bila kukata, yaani kwa shoti moja iliyorekodiwa mfululizo. Gari linasimama, linapisha watu, linapitana na wanandoa wanaotembea kwa miguu. Hakuna anayekimbia, na kila kuchelewa kunauma kwa sababu tuliliona bomu. Mwaka 1998 filamu ilihaririwa upya kwa kufuata maelezo ya kurasa 58 aliyoyaacha Welles. Majina ya waliotengeneza filamu na muziki wa utangulizi vikaondolewa mwanzoni, zikasikika redio ya gari na ngoma za vilabu. Tazama matoleo yote mawili: katika la pili unaanza kulitafuta gari kwa masikio.

Sasa chukua tukio dogo unaloweza kulimudu. Ni usiku, mwanamke anarudi nyumbani na ndoo ya maji. Kufuli la geti liko wazi. Yeye halioni, maana mikono imejaa na geti analisukuma kwa bega.

Shoti ya kwanza ioneshe uwanja wote: geti, kibaraza, mlango, taa. Kamera iwe kwenye stendi, lenzi pana ya milimita 24 hadi 28, sekunde 12 hivi. Wengi huiruka kwa kuiona inachosha, halafu baadaye mtazamaji hajui hatari iko umbali gani na mtu. Asipojua umbali, hawezi kuhesabu hatua.

Shoti ya pili ni kufuli kwa karibu, sekunde 4, bila muziki wowote. Lisukume kwa kidole kabla ya kuanza kurekodi ili liwe linayumba. Kufuli lililotulia linasema geti limesahaulika tangu asubuhi. Linaloyumba linasema mtu amepita sasa hivi. Hapo ndipo tukio lote linaposimama, kwa hiyo lirudie hata mara kumi.

Shoti ya tatu ipigwe kutoka ndani, gizani, lenzi ya milimita 50 ikitazama mlango anaoingilia. Sogeza kamera mbele mita 1 kwa sekunde 20. Kama huna reli, mpiga picha akae kwenye kiti cha magurudumu asukumwe. Usiitikise kamera mkononi: mtikisiko unamkumbusha mtazamaji kwamba kuna mpiga picha, wakati unataka ajiulize ni nani aliyemo humu ndani.

Kuhusu mwanga: umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), hivyo tumia fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 ya sekunde, la sivyo baadhi ya taa zitapepesa. Kwenye simu, funga kiwango cha mwangaza kisibadilike chenyewe, kwa kubonyeza kioo na kushikilia. Usipofunga, simu itaing'arisha picha yenyewe mara mhusika anapoingia gizani, na giza lako limekwisha. Nje, piga mara tu jua linapozama, kisha punguza mwanga kwenye uhariri. Kwetu magharibi haikai, una kama dakika 20, kwa hiyo mazoezi yaishe mapema.

Sauti ndiyo hupuuzwa kuliko vyote. Kila mahali unaporekodi, waambie watu wasimame tuli, urekodi sekunde 60 za mahali penyewe. Kisha panga tabaka: nyenje, redio ya mbali, jenereta ya jirani. Usiongeze kitu cha kutisha. Ondoa kimoja kimoja. Nyenje hunyamaza mtu anapowakaribia, basi wanyamaze upande mmoja tu wa ukuta. Ndoo inapotua sakafuni, jenereta izime. Acha sekunde 3 za kimya, lakini chini yake iwepo ile sauti ya mahali. Kimya cha sifuri kabisa kinamfanya mtu adhani spika imeharibika.

Ukiweka mvumo mzito wa hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde), kumbuka spika za simu haziutoi. Ongeza tabaka la hezi 150 hadi 300, na liingie baada ya kufuli, kamwe si kabla, maana muziki ukitangulia unamnyang'anya mtazamaji ugunduzi wake.

Kata shoti pale mkono wa mwanamke unapogusa swichi, kabla taa haijawaka. Weka jina la filamu.

Kisha mwoneshe mtu asiyejua hadithi, sauti ikiwa imezimwa, umuulize hatari iko wapi. Akionesha upande usio, rudi ukapige upya shoti ya kwanza.