Jinsi ya Kujiandaa kwa Upasuaji wa Leza Unaofuata Ramani ya Jicho Lako

Upasuaji wa kawaida wa leza wa kurekebisha uoni huichonga konea, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho, kwa kufuata namba za miwani. Huu unaofuata ramani ya jicho, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2002, hutanguliwa na mashine inayopeleka mwanga hadi kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kusoma unavyorudi ukiwa umepotoka ili kuchora ramani ya kasoro za jicho, ufundi uliotokana na darubini za wataalamu wa nyota. Kwa kuwa leza hutii ramani hiyo, vipimo ndivyo vya kutiliwa mkazo kuliko hata siku yenyewe ya upasuaji.

Anza na lenzi za kuvaa jichoni, kwani hubadili umbo la konea: laini ziache kwa wiki mbili kabla ya kupimwa, ngumu kwa wiki tatu au zaidi. Ikiwa ulizivaa juzi kwa ajili ya harusi, mwambie mpimaji. Ni heri kuahirisha. Macho makavu nayo yatibiwe kwanza, maana huvuruga vipimo.

Kisha omba kuonyeshwa unene wa konea yako. Wastani ni takriban mikromita 540 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kifuniko chembamba cha konea kinachofunuliwa ili leza ifanye kazi chini yake huchukua kama 120, leza huondoa kama 15 kwa kila diopta, yaani kila namba moja ya miwani, na chini yake zisibaki pungufu ya 250. Mwenye konea ya 500 na miwani ya −8 atabakiwa na 260 tu, na daktari makini hapo atasita, hasa kwa kuwa kufuata ramani huweza kuondoa zaidi kidogo.

Kama umekua na mzio wa macho na mazoea ya kuyafikicha, sema hata usipoulizwa, kwa sababu huenda konea imeanza kuchongoka, na konea hiyo haifai kupunguzwa. Aliye chini ya miaka 18, ambaye namba zake zimebadilika ndani ya mwaka, mjamzito au anayenyonyesha, asubiri. Aliyevuka 40 ajue kwamba miwani ya kusomea huenda ikabaki palepale.

Siku ya upasuaji usipake wanja wala manukato, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Jicho hutiwa ganzi kwa matone, nawe hutakiwa kuikazia macho taa ndogo kwa muda mfupi. Baadaye lala na vikinga macho, tumia matone yote uliyoandikiwa, usifikiche, na usiogelee kwa angalau wiki mbili. Taa za usiku zinaweza kuonekana na duara la mwanga kwa majuma kadhaa, hivyo usiendeshe gari gizani mpaka daktari akuruhusu.