Kabla hujapaka rangi kava ya tapeti, angalia ndani yake

Hapa Mombasa chumvi ya baharini haina huruma na alumini. Kama una Datsun 240Z au gari jingine la zamani la mbio, ipo siku utaona rangi ya kava ya tapeti, yaani kifuniko cha juu cha injini, imetutumka, na ukiikwangua kwa kucha unakuta unga mweupe chini yake. Rangi mpya juu ya unga huo haidumu.

Wengi hukimbilia kupiga mchanga, yaani kurushia kava punje za mchanga kwa upepo ili rangi ya zamani itoke. Tafadhali, usikubali kabla ya kugeuza kava na kutazama ndani: kuna bati linalozuia oili isirukie kwenye tundu la kupumulia. Punje zikijificha nyuma ya bati hilo, zitaanguka kwenye oili na kukwaruza kemshafti, mhimili unaofungua vali. Mimi kava yangu niliiosha mara tatu kwa maji ya sabuni, na bado nikazisikia punje kwenye vidole. Tangu hapo natumia dawa ya kutoa rangi, brashi na msasa. Magadi ya kuzibulia mabomba yasikaribie kabisa, yanakula alumini.

Ilaze kava juu ya kioo. Ikicheza, imepinda, na gasketi mpya haitazuia oili kuvuja. Hapo tafuta nyingine.

Rangi iwe ya kustahimili joto la injini, ipulizwe nyembamba nyembamba. Bolti anza kukaza za katikati ukielekea pembeni, kwa mkono mwepesi, maana nyuzi za tundu za bolti kwenye alumini hukatika upesi.