Kuvisha SUV matairi makubwa kwa mfuko mdogo: mwongozo wa fundi wa Malindi

Masika yakikaribia, ombi linaloingia gereji ni moja: "Fundi, nataka gari liinuke." Nikimuuliza mwenye gari anakwenda wapi, atanitajia Marafa kupeleka wageni Nyari, lile korongo la Hell's Kitchen, au Ngomeni, au ile barabara ya Sala Gate, lango la Tsavo Mashariki, au shamba lake tu huko Jilore. Kwa safari hizi sioni haja ya lifti, yaani vifaa vya kuinua mwili wa gari. Kinachohitajika ni mpira zaidi kati ya rimu na ardhi. Kwa hiyo speisa (kile kipande cha chuma cha kusukuma gurudumu nje), springi ndefu na lifti ziache kwanza. Pesa yote iende kwenye matairi manne mazuri, yaliyozidi kidogo yale ya kiwandani, na kazi iliyobaki ni ya kupima tu.

Mwongozo huu ni wa magari kama Suzuki Escudo, Toyota RAV4 na Nissan X-Trail, ambayo yamejaa mwambao huu. Mwenye Land Cruiser ana nafasi kubwa zaidi chini ya fenda, ila hesabu ni zile zile.

Hatua ya 1: Soma maandishi ya ubavuni

Chuchumaa kando ya gurudumu. Tuseme umekuta 225/70R16, saizi ya Escudo nyingi. 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, kwa hiyo 225 mara 0.70, unapata milimita 157.5. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, yaani 406.4. Jumlisha ubavu wa juu, rimu na ubavu wa chini: 157.5 + 406.4 + 157.5. Kimo kizima cha tairi ni milimita 721.4.

Kisha fungua mlango wa dereva, utafute kibandiko kwenye nguzo ya mwili wa gari. Saizi iliyoandikwa pale ndiyo ya kiwandani, na ndiyo utakayoanzia hesabu. Magari yetu mengi yamepita mikono kadhaa kabla hayajafika Malindi, na huenda matairi uliyoyakuta yalishabadilishwa. Ukiongeza juu ya kilichokwisha kuongezwa, utashangaa mbona kila kitu kinagusana.

Usiruke namba na herufi zinazofuata, mfano 102T. 102 maana yake tairi hilo linabeba kilo 850, na T ni mwendo wa hadi kilomita 190 kwa saa. Tairi jipya lisiwe chini ya namba ya uzito iliyotakiwa na kiwanda. Watu hutazama meno wakasahau hapa, kisha gari lapakiwa jamaa wote kwenda arusini Garsen.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kupigia duka simu

Mipaka yangu kwa anayeanza ni asilimia 2 hadi 3 ya kimo. Kutoka 225/70R16, kuna saizi mbili za kufikiria:

235/70R16 ina kimo cha milimita 735.4. Imezidi kwa 14, sawa na asilimia 1.9.
225/75R16 ina kimo cha milimita 743.9. Imezidi kwa 22.5, sawa na asilimia 3.1, na hapo ndipo mwisho.

Sasa sikia jambo linalowavunja moyo wengi: gari huinuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Saizi ya kwanza inakuinua milimita 7, ya pili milimita 11. "Ndiyo hiyo tu, fundi?" Ndiyo hiyo tu. Ila faida kubwa iko ubavuni. Ubavu mrefu ukipunguzwa upepo hutandaza tairi juu ya mchanga wa Mambrui, na ukikanyaga ncha ya jiwe la matumbawe mpira hubonyea kabla rimu haijapigwa.

Ndiyo maana sikubaliani na rimu kubwa. Kijana ananunua rimu ya 18 na tairi la 225/60R18, anaona gurudumu limejaa vizuri. Kimo ni milimita 727, karibu sawa na la zamani, lakini ubavu umeshuka kutoka 157 hadi 135. Amelipa zaidi ili apate mpira mchache.

Kama gari lako lilikuja na 225/65R17, mimi ningeshuka: tafuta rimu za 16 za mtumba, uvishe 235/70R16. Kimo kinatoka 724.3 kwenda 735.4, ubavu unaongezeka kwa milimita 18, na matairi ya 16 aghalabu ni nafuu kuliko ya 17. Ila rimu za mtumba zina masharti. Escudo iliyotoka kuanzia 2005, RAV4 na X-Trail zote zina nati 5 kwenye duara la milimita 114.3, lakini Escudo za kabla ya hapo zilikuwa na duara la 139.7, hivyo jina la gari halitoshi. Tundu la katikati ni 60.1 kwa Escudo na RAV4, 66.1 kwa X-Trail. Rimu ya X-Trail itaingia kwenye Escudo lakini itacheza mpaka upate pete ya kuziba pengo. Ya Escudo haitaingia kabisa kwenye X-Trail. Angalia pia namba inayoanza na ET ndani ya rimu: ikipungua, gurudumu linatoka nje zaidi na kuanza kutafuta fenda. Mwisho, iweke rimu tupu kwenye habu, kile kitovu cha chuma inapofungwa, na uizungushe kwa mkono, uone haigusi kalipa ya breki.

Hatua ya 3: Pima nafasi, halafu upake chokaa

Hatua hii haina gharama, na ndiyo watu huiruka.

Egesha pahali tambarare, ukiwa na tochi na futi ya kupimia. Anza ndani ya gurudumu la mbele, pale juu, ambapo kisahani kinachokaliwa na springi kinakaribiana na tairi. Kwa magari haya ndicho chuma cha kwanza kuguswa na tairi refu. Pima pengo kwenda juu na kwenda pembeni. 225/75 itakula milimita 11 za juu. 235 itakula 7 za juu na 5 za pembeni, kwa kuwa upana ulioongezeka hugawanyika ndani na nje. Baada ya kutoa, nataka zibaki angalau 10. Mpira hupinda kwenye kona, na pengo unaloliona gari likiwa limesimama silo litakalokuwapo kwenye mashimo.

Kisha kata usukani mpaka mwisho, kulia halafu kushoto, ukitazama sehemu mbili: kona ya bampa mbele ya tairi, na plastiki ya ndani ya fenda nyuma yake, karibu na kile kibao cha mpira kinachozuia tope.

Kipimo hakimalizi maneno. Omba gurudumu moja la saizi unayoitaka, kwa rafiki au dukani ukiacha amana, ulifunge mbele upande mmoja. Koroga chokaa ya ukutani na maji kidogo, upake plastiki yote ya ndani ya fenda, kona ya bampa na kile kisahani cha springi. Ikauke. Pakia watu wanne. Panda polepole kwenye tuta au ukingo kwa gurudumu hilo peke yake ili springi ibonyee hadi mwisho, usukani ukiwa umekatwa, kisha urudi kinyumenyume. Rudia upande wa pili. Fanya hivi uani tu, usitoke barabarani: gari linaloendesha magurudumu manne muda wote halipendi tairi moja lenye kimo tofauti, na joto lake huishia kwenye difu, yaani gia za kugawa nguvu kwa magurudumu.

Sasa ingiza tochi. Palipofutika chokaa ndipo palipogusa. Ikiwa ni mstari mwembamba kwenye plastiki, kisu kitaumaliza. Ikiwa ni kwenye chuma cha fenda, kwenye kisahani, au karibu na paipu ya breki, saizi hiyo si yako. Shuka ndogo yake. Mtu atakwambia uweke speisa gurudumu litoke nje. Kwa anayeanza nasema hapana: mzigo unahamia kwenye beringi, na tatizo linatoka kwenye springi kwenda kwenye fenda.

Hatua ya 4: Chagua meno, ukague umri

Herufi za ubavuni hutaja aina ya meno: HT ni ya lami, AT ni ya mchanganyiko, MT ni ya tope. Kwa Malindi nachagua AT. MT ni nzito, inalia njia nzima hadi Mombasa, na lami ikilowa haishiki vizuri. Mchangani meno yake makubwa huchimba gari likazama. Faida yake ni kwenye tope jeusi la upande wa Garsen, na kama huendi huko kila wiki usijisumbue.

Ukikuta herufi LT mwanzoni mwa saizi, hilo ni tairi la mizigo: ubavu mgumu, uzito zaidi, linataka upepo zaidi. Linamfaa anayebeba mawe ya kujengea. Wa familia achukue la kawaida.

Tafuta kisanduku cha namba nne karibu na herufi DOT. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Jua letu huuzeesha mpira hata tairi likiwa limetundikwa dukani, kwa hiyo likunje ubavu kwa vidole: ukiona nyufa nyembamba, liache, hata kama meno yamejaa. Kwa matairi ya mtumba, chungulia ndani pia. Kiraka kwenye uso wa katikati si neno, kiraka begani au ubavuni ni marufuku. Vile vinundu ndani ya mifereji ya meno vimewekwa kwenye milimita 1.6, meno yakilingana navyo, hilo ni kipara.

Ukiwa na pesa za mawili tu, subiri. Gari la magurudumu manne linataka manne yaliyolingana. Na kama unaweza kufikia la tano, bora zaidi. Kwenye Escudo tairi la akiba liko mlango wa nyuma: jipya ni zito kwa bawaba, na huenda kile kifuniko kigumu kisilimeze.

Hatua ya 5: Kufunga

Chumvi ya bahari hugandisha rimu kwenye habu. Gurudumu likishatoka, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, upake grisi nyembamba hapo tu. Usipake kwenye nyuzi za boliti, zitakazwa kupita kiasi bila wewe kujua. Nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa kuvuka upande wa pili, wala si kwa kuzunguka duara, na mkazo wa mwisho uwe gari likiwa limekanyaga chini, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mashine ya upepo iishie kwenye kufungua. Baada ya safari ya Watamu na kurudi, zikague tena.

Balansi ya magurudumu ni lazima, na alainimenti, yaani kuyanyoosha yaelekee sawa, baada yake.

Palipofutika chokaa kwenye plastiki, kata sentimita moja moja na urudishe skrubu zake zote, la sivyo upepo wa barabarani utaiangusha juu ya tairi. Ukikwaruza rangi hadi chuma, paka rangi siku hiyo hiyo. Kutu ya mwambao haisubiri kesho.

Hatua ya 6: Upepo na spidomita

Barabarani anza na kipimo cha kibandiko cha mlangoni. Ukifika mchangani shusha hadi psi 18 au 20, uende polepole bila kukata kona ghafla, na kabla ya kurudi lami jaza tena. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa lamini huchemka hadi kupasuka, kwa hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri inunue pamoja na matairi, si baadaye.

Kwa 225/75, spidomita ikisoma 100 wewe uko kama 3 zaidi ya ilivyokuwa kabla. Spidomita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo wa kweli, hivyo huenda zikalingana. Hakikisha kwa GPS ya simu. Kilomita nazo zitasomeka pungufu kwa asilimia 3, kwa hiyo usimlaumu mwenye petroli kabla hujazirekebisha. Kuna mafuta kidogo yatakayopotea kweli, na kwenye kilima utalazimika kushuka gia mapema. Ijulishe pia kampuni yako ya bima kuhusu saizi mpya.

Zungusha matairi mbele na nyuma kila kilomita 10,000, na la tano ulitie kwenye mzunguko ili yalike sawa. Yale ya zamani yakiwa bado na meno, yauze yote manne pamoja kwa mwenye gari kama lako. Moja moja utapata bei ya kutengenezea kandambili.