Jenomu ya bakteria wa soya huanzia kwenye jembe

Wanafunzi wakiingia maabara yetu hapa Kampala huulizia mashine kwanza. Mimi huwapeleka shambani. Jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, huwa safi ikitoka kwa bakteria wa ukoo mmoja, na usafi huo huupata au kuupoteza kabla hujagusa DNA.

Nenda soya inapotoa maua. Usiing'oe, chimba kuuzunguka mmea, uuinue na udongo wake. Mizizini kuna vinundu wanamoishi bakteria. Pasua kinundu kimoja kwa wembe: kikiwa chekundu ndani, bakteria wananasa naitrojeni ya hewani. Kikiwa cha kijani au kijivu, hamia mmea mwingine. Vya kubeba visipasuliwe. Vitie kwenye vichupa vyenye silika ya kukaushia, maana toka Lira, kaskazini mwa Uganda, hadi Kampala kwa basi ni mbali na vinundu vibichi huoza.

Maabarani, loweka kinundu kwenye maji safi mpaka kijae tena. Kitie kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa nusu dakika, kisha Jik dakika tatu, halafu suuza mara tano kwa maji yasiyo na vijidudu. Maji ya suuza ya mwisho yapake kwenye sahani yake ya kuoteshea vijidudu. Kikiota chochote humo, kinundu hicho usikiamini. Kiponde, uchore, yaani upake kwa mistari, kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ya hamira na sukari ya manitoli yenye rangi nyekundu ya Congo red, uiweke kwenye nyuzijoto 28. Hapo subiri. Bradyrhizobium, bakteria wa soya tunayemtafuta, huchukua siku 5 hadi 10, na koloni zake hubaki nyeupe, hazinywi ile rangi. Kinachochomoza kesho yake ni mgeni. Rudia kuchora hadi sahani nzima iwe na sura moja.

Ukitoa DNA usiitikise kwa nguvu, itakatika, na MinION, mashine ndogo ya kusoma DNA, hufaidi nyuzi ndefu. Unganisha vipande vilivyosomwa kwa programu ya Flye, kagua usafi na ukamilifu kwa programu ya CheckM. Tarajia herufi za DNA kama milioni 9. Ukipata milioni 15, umechanganya bakteria, rudi kwenye sahani.

Wengi huishia kwenye jeni ya 16S, jeni moja inayotumika kutambua aina ya bakteria, kwa kuwa ni rahisi. Haitoshi kabisa. Jeni za kuunda vinundu na kunasa naitrojeni, kama nodC na nifH, huweza kuhama toka bakteria mmoja hadi mwingine, hivyo wawili wenye 16S sawa huenda mmoja tu akamfaa mkulima. Zitafute kwenye jenomu nzima.

Ukizipata, panda soya kwenye mchanga uliochemshwa, bila mbolea ya naitrojeni: vyungu vingine vyenye bakteria wako, vingine bila. Baada ya wiki sita fukua. Chungu kisicho na bakteria kikiwa na vinundu, jaribio hilo litupe, uanze upya.